Shajara ya lifti ya Mwanjelwa: kwanza breki, betri baadaye

Jumanne, 3 Juni

Kazi nimekabidhiwa leo asubuhi. Jengo liko Mwanjelwa, Mbeya: chini maduka, katikati ofisi, juu vyumba vya wageni, jumla vituo 6. Lifti ni moja, ya zamani. Watu 8, kilo 630, mwendo wa mita 1 kwa sekunde, mota ya spidi mbili yenye gia, na mashine yenyewe imekaa kwenye kibanda juu ya paa. Mzee mwenye jengo ameniita kwa jambo moja tu, nimfungie betri ya uokoaji. Umeme ukikatika, betri isogeze kebini, yaani chumba wanamosimama watu, polepole hadi mlango wa karibu, mlango ufunguke, watu watoke. Anataka iwe imekwisha kabla ya Nane Nane, maana wageni wa maonyesho ndio wanaomjazia vyumba.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba. Betri unaifunga lini?”

Nikamwambia betri itakuwa ya mwisho, kwanza niione breki. Hakupendezwa. “Breki ina shida gani, fundi? Mwezi uliopita watu wamekaa humo dakika arobaini hewani. Ingekuwa mbovu si wangeanguka?”

Kuna ukweli hapo. Breki ya lifti imegeuzwa ukiilinganisha na ya gari. Gari unakanyaga ndipo linasimama. Kwenye lifti springi zinabana dramu, gurudumu la chuma linalozunguka na mashine, muda wote, na umeme ndio unaozitanua kupitia sumaku ya koili kila lifti inapotaka kwenda. Umeme ukikatika sumaku inakufa na springi zinabana zenyewe. Kwa hiyo lifti kukwama gizani ni breki kufanya kazi yake, na aliyemo ndani yuko salama kuliko anavyodhani. Ninachotaka kujua ni breki hii inabana upesi kiasi gani, na wakati wa kutoa watu nani anaiachia, na anaiachiaje.

Jibu la swali la pili nimelikuta juu. Kibandani upepo wa mlima Loleza unapenya chini ya mlango, na pembeni ya wenzo, mkono wa chuma wa kuachia breki, kuna waya wa kufungia nondo, umesokotwa kitanzi safi kabisa, ncha zake zimeng'aa kwa kutumika. Mtu alikuwa akivuta wenzo, anautia kitanzini, breki inabaki wazi, naye anapata mikono miwili ya kuzungusha gurudumu. Nimeukata nikautia mfukoni. Wenzo ule umetengenezwa hivyo kwa makusudi: ukiuachia tu, breki inafunga. Atakayeufunga kwa waya ameacha lifti bila breki, watu wakiwa ndani.

Alhamisi, 5 Juni

Kupima. Tumebandika kipande cha tepu ya karatasi kwenye kamba moja, na swichi ndogo kwenye fremu ya mashine. Tepu ikipita inaigonga swichi, umeme wa lifti unakatika, halafu tunapima kamba imekwenda kiasi gani hadi kusimama. Kwenye lifti hii kamba zinashuka moja kwa moja hadi juu ya kebini, kwa hiyo sentimita ya kamba ni sentimita ya kebini. Dogo, msaidizi wangu, alitaka awe anakata swichi kwa mkono, nikamkatalia. Mkono wake una usingizi wake.

Kebini tupu, ikipanda kwa mwendo wake wote, kwa sentimita: 58, 57, 60, 58, 61.

Nyingi mno kwangu. Tumezungusha lifti nusu saa kabla ya kuanza, maana baridi ya Juni hapa inafanya oili ya gia iwe nzito kama asali. Ukipima asubuhi mashine ikiwa imelala, gia yenyewe inakusaidia kusimama na unapata namba nzuri ya uongo.

Kwa nini tupu na kupanda? Upande wa pili wa kamba kuna kauntaweti, mzigo wa chuma wenye uzito wa kebini pamoja na nusu ya mzigo wa abiria. Hapa hiyo nusu ni kilo 315. Kebini ikiwa tupu, kauntaweti inaizidi kwa kilo hizo 315 na inataka kushuka, na ikishuka kebini inapanda. Watu wengi wanaogopa lifti kuanguka, wachache wanajua kwamba yenye mtu mmoja, breki ikilegea, itaangukia juu.

Mzee alikuja kunywa chai nasi, akauliza na kamba zikikatika je. Nikamweleza habari ya Elisha Otis, yule Mmarekani aliyepanda jukwaa mbele ya watu kwenye maonyesho New York mwaka 1854 akaamuru kamba ikatwe, na jukwaa likajishika palepale. Ile si breki ya mashine, ni makucha yanayouma reli, na lifti hii inayo, yanaamshwa na gavana, kifaa kinacholinda mwendo, ukizidi kiwango. Lakini ya kwake yanauma kebini ikishuka tu. Kinga ya kebini inayopanda kwa kasi ilianza kudaiwa na kanuni za Ulaya za mwaka 1998, na mashine hii ni ya kabla ya hapo. Kwa hiyo ikikimbia kwenda juu, kilichopo ni breki hii peke yake. Mzee aliweka kikombe chini.

Jumatatu, 9 Juni

Tumeshusha kauntaweti ikakaa juu ya nguzo chini ya shimo, kebini tukaifunga kwa cheni juu, swichi kuu tukaipiga kufuli, ndipo tukafungua breki. Hatua hiyo sitaieleza zaidi, ila asiyejua kwa nini tumefanya hivyo asiguse.

Lainingi, zile pedi zinazobana dramu: ya kushoto inang'aa kama sahani ya kaure. Ya kulia ina unyevunyevu wa oili, sili ya shafti ya gia, inayozuia oili isivuje, imechoka. Lakini kung'aa kulinisumbua. Lainingi hung'aa kwa kusuguliwa na joto, na hapa dramu haikupaswa kuigusa kabisa lifti inapotembea. Nikakaa mbele ya paneli saa nzima.

Koili ya breki inahitaji nguvu nyingi kuvuta, lakini ikishavuta, nguvu ndogo inatosha kuishikilia. Mashine kama hii ina resista inayopunguza umeme wa koili baada ya breki kufunguka ili koili isiungue, na kuna kontakta, swichi inayofungwa kwa sumaku, inayoiruka resista hiyo kwa sekunde ya kwanza. Vidole vya kontakta hiyo vimeliwa hadi vimebaki nukta. Siku umeme ukiwa mzuri breki inafunguka. Jioni, mji mzima umewasha majiko na pasi na volti zimeshuka, inafunguka nusu, mota inaburuta dramu kwenye lainingi. Ndiyo ile harufu ya “kitu kinaungua” ambayo mama wa usafi amekuwa akiisema tangu Pasaka, akajibiwa ni jiko la mgahawa wa chini.

Nikadhani nimemaliza. Dogo akanyoosha bisibisi: “Kaka, hii nyeusi ni ya nini?”

Daiodi. Kifaa kidogo kinachopitisha umeme upande mmoja tu. Imesokotwa moja kwa moja kwenye ncha mbili za koili, bila hata kuchomelewa, na kuzungushiwa tepu. Haipo kwenye mchoro.

Naelewa aliyeiweka alichokuwa anakitafuta. Koili ikikatiwa umeme inatupa cheche kwenye vidole vya kontakta, cheche zinakula vidole, mteja analalamika. Daiodi inazima cheche vizuri sana. Lakini inazizima kwa kuupa umeme wa koili njia ya kuzunguka ndani yake wenyewe hadi uchoke taratibu, na muda wote huo sumaku iko hai na springi zinasubiri. Yaani umeme umekatika mji mzima, taa zimezimika, lakini breki ya lifti bado ina kaumeme kake ka akiba kanachoizuia kufunga. Ni sehemu ndogo ya sekunde, hakuna anayeiona. Ila kwa mwendo wa mita 1 kwa sekunde, kila sehemu ya kumi ya sekunde ni sentimita 10 za kebini kwenda bila breki.

Nimeitoa. Badala yake nimeweka varista, kifaa cha kumeza umeme unaoruka ghafla, na resista, cheche zinapungua na umeme wa koili unakufa upesi. Vidole vya kontakta vipya. Lainingi bado zilezile mbovu, makusudi, ili nijue daiodi peke yake ilikuwa inakula kiasi gani.

Kebini tupu, kupanda: 40, 39, 40, 41, 39.

Karibu sentimita 19 zimeondoka kwa kutoa kitu cha ukubwa wa punje ya maharage. Nimempigia simu mke wangu kumweleza. Akaniuliza kama nimekula.

Ijumaa, 20 Juni

Lainingi zimefika na basi la Dar, sili pia. Siku nyingi zimepotea kusubiri, hakuna cha kuandika humo. Tumepaka chaki kwenye dramu, tukafunga breki, tukafungua, tukaangalia lainingi imegusa wapi, tukasugua palipozidi, tena na tena mpaka mguso ukaenea. Mwanya breki ikiwa wazi tumeuweka kama kibao cha mashine kinavyotaka, sehemu ndogo ya milimita, unapimwa kwa filageji, vibati vyembamba vya kupimia mianya, na si kwa jicho. Ukiwa mpana koili inashindwa kuvuta, na lainingi inakuja kwa kishindo. Ukiwa mwembamba, dramu ikipata joto inagusa.

Kebini tupu, kupanda: 30, 29, 31, 30, 30.

Jumamosi, 28 Juni

Jaribio la mzigo. Breki peke yake inatakiwa isimamishe kebini inayoshuka kwa mwendo kamili ikiwa na asilimia 125 ya mzigo wake. Kwa kilo 630 hiyo ni 787.5. Hardware ya chini imetuazima mifuko 15 ya saruji, kilo 750. Zilizobaki, 37.5, dogo akaenda kupimiwa viazi sokoni, wala hakuniuliza. Muuzaji alishangaa kuona mtu anataka kilo thelathini na saba na nusu, tena anaomba nusu iwe nusu kweli.

Hakuna mtu ndani, milango yote imefungwa na kuwekewa kibao. Nimeishusha kutoka juu, swichi kuu nikaikata katikati ya shimo. Kibanda kilitikisika, vumbi la saruji likatoka kwenye upenyo wa kamba kama moshi. Imesimama kwa sentimita 44, ikashika. Nimekaa nayo robo saa nikiangalia alama ya chaki kwenye dramu. Haikusogea hata unywele. Kisha nikajaribu mkono mmoja wa breki peke yake, mwingine tukiwa tumeuzuia, mzigo ukiwa kilo 630. Inapunguza mwendo hadi kusimama, mbali zaidi, lakini inasimama. Ndiyo maana mikono ni miwili.

Saruji imerudi dukani mifuko yote 15. Viazi vimekuwa chipsi.

Jumanne, 8 Julai

Siku ya mlinzi. Nimeitaka kuliko zote, kwa sababu umeme ukikatika usiku mimi niko Uyole kitandani. Jenereta ya jengo inalisha friji za bucha na taa za ngazi tu, mota ya lifti haiwezi. Atakayekuwepo ni mlinzi, mzee wa zamu ya usiku, na dada wa mapokezi.

Jambo la kwanza nimemfundisha kinyume na alivyozoea: asikimbilie paa. Aende kwanza kwenye mlango wa lifti aongee na aliyemo. Ajue wako wangapi, awaambie wamesimama salama, wakae mbali na mlango, wasijaribu kuutanua. Wanaokufa kwenye lifti zilizokwama mara nyingi ni waliolazimisha mlango, wakaruka kutoka kebini iliyosimama juu ya usawa wa sakafu, mguu ukateleza, wakaingia shimoni kwa uwazi uliobaki chini ya kebini. Kama kuna mgonjwa ndani, au jambo lolote halieleweki, piga 114, Zimamoto, kisha nipigie mimi.

La pili, swichi kuu izimwe na kupigwa kufuli hata kama umeme haupo. Hapo alinibishia, na kubisha kwake kulikuwa na mantiki: “Sasa nazima nini, mwanangu, wakati umekatika wenyewe?” Unazima ule utakaorudi, mzee. Umeme ukirudi wakati mkono wako uko kwenye gurudumu, lifti haitakuuliza.

Ndipo tukafika kwenye wenzo. Kebini ilikuwa tupu kati ya ghorofa ya pili na ya tatu. Nikamwambia avute kidogo, aachie. Akavuta, kamba zikaanza kwenda, akaachia upesi kama aliyeshika sufuria ya moto. Akachungulia.

“Imepanda!”

“Ndiyo.”

“Mimi nilijua itashuka.”

Kila mtu anajua itashuka. Tukaweka mifuko 6 ya saruji ndani, kilo 300, karibu sawa na ile nusu ya kauntaweti. Akavuta wenzo, na hakuna kilichotokea. Breki wazi, lifti imetulia kama ng'ombe aliyeshiba. Pande mbili zimelingana, na gia ya parafujo kwa msuguano wake haikubali kusukumwa na tofauti ndogo. Hapo ndipo gurudumu la mkono linatumika: mmoja anashika wenzo, mwingine anazungusha, upande wowote ulio mwepesi. Na hapo ndipo yule mwenye waya wa nondo alipoona yuko peke yake akapata akili yake mbaya. Nimeandika ukutani kwa rangi nyekundu: WATU WAWILI.

Kuachia ni kwa vipande. Vuta, hesabu moja, achia. Kamba zisimame kabisa. Vuta tena. Ukishikilia wenzo wazi kebini inaongeza mwendo kila sekunde, na makucha ya reli, kama nilivyomwambia mzee mwenye jengo, hayapo kwa upande wa kupanda. Mlinzi alitaka kujua ni mara ngapi hadi ghorofa nzima. Sijui, nikamwambia, usihesabu mara, soma kamba.

Kamba nimezipaka rangi nyeupe. Kebini ikiwa sawa na sakafu, alama za kamba zinakutana na mstari wa kwenye fremu. Kamba ya kwanza ni moja, ya pili ni mbili, ya tatu ni nne. Kamba zilizopakwa ukijumlisha unapata ghorofa. Ya kwanza na ya pili pamoja, ghorofa ya tatu. Ya kwanza na ya tatu, ya tano. Ya nne peke yake ni chini. Sikutumia rangi tofauti kwa sababu kwa tochi ya simu nyekundu na kahawia ni kitu kimoja. Nilidhani nitatumia saa nzima kumweleza. Huyu ni mzee wa bao, alinitazama kama anayesubiri niseme la maana.

Alama zikikutana, wenzo unaachwa, breki imefunga, anashuka kwenye mlango husika na ufunguo wa pembetatu, ule wa kufungulia mlango wa lifti kwa nje. Anafungua mwanya mdogo kwanza, anamulika, anahakikisha kebini ipo kweli mbele yake. Ufunguo huo nimeukuta ukining'inia kwenye msumari pale mapokezi, mtoto yeyote anaufikia. Sasa uko kwenye kisanduku cha kioo pamoja na kufuli.

Alhamisi, 17 Julai

Betri zimefika, 4 za volti 12. Moja haishiki chaji, imerudishwa. Kabati, nyaya na kibadilisha umeme vimefungwa tayari, lakini kwa betri 3 hakiwaki. Mzee mwenye jengo amekuja, ametazama kabati jipya, hakusema kitu.

Daftari la lifti limefunguliwa. Mkaguzi wa OSHA, wakala wa usalama kazini, akija akute namba zote, pamoja na ile 58.

Alhamisi, 24 Julai

Umeme ulikatika saa 10 alfajiri. Mgeni mmoja wa ghorofa ya nne, na begi lake, anawahi basi la Dar. Nanakili alivyoandika mlinzi kwenye daftari, kwa mwandiko wake mkubwa:

*10:03 giza. Nimeongea naye. Mmoja, mzima, ana haraka. 10:06 swichi kuu kufuli. Dada kashika tochi na simu. Kamba hakuna alama, kati ya 2 na 3. Vuta achia mara 9. Kamba ya 1 na ya 2. 10:17 mlango wa 3. Katoka.*

Dada wa mapokezi ndiye aliyenisimulia ambayo hayakuandikwa. Mgeni alipohisi kebini inasogea alifurahi, kisha akagundua inakoelekea, akaanza kupiga kelele: “Mimi nashuka! Jamani, mimi nashuka!” Dada akawa anamjibu kwenye mwanya wa mlango, “Tunajua kaka, ndiyo maana unapanda,” jambo ambalo nadhani halikumsaidia.

Mlinzi alimbebea begi ngazi zote, akamsindikiza hadi kwenye bodaboda. Umeme ukarudi 10:24. Lifti haikusogea, kwa sababu kufuli liko kwenye swichi kuu na ufunguo wa kufuli uko mfukoni mwa mlinzi, barabarani. Wapangaji wa ofisi walipoanza kuingia walipanda ngazi. Alirudi, akakabidhi zamu, akaenda nyumbani na ufunguo. Nimeufuata Ilomba saa 2 asubuhi, nikamkuta anakunywa uji, akautoa mfukoni bila kuulizwa.

Betri ya nne bado.